Kabla Hawajapanda Juu ya Paa

Ukurasa wa Maswali: Fundi Mstaafu wa Jinja anajibu barua zenu

Mwezi huu nimeacha kando barua za jenereta na pampu za maji. Barua nne zimefika mfululizo kuhusu jambo ambalo limenikaa kifuani miaka mingi, yaani viwanda na maghala yetu ya zamani yanayobomolewa, pamoja na kumbukumbu zake, nami naomba niwajibu hao wanne tu.

*Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo kwenye njia ya Jinja kwenda Kamuli. Kiwanda chetu cha kuchambua pamba, ambacho hakijanguruma tangu nikiwa msichana, kimeuzwa. Mnunuzi anataka kukibomoa ajenge plaza ya ghorofa tatu. Kaka zangu wawili wameshaahidiwa vyumba vya maduka. Nyanya yangu alifanya kazi pale uani miaka mingi akitenga pamba nyeupe, yaani safi, na ile yenye madoa, yaani fifi, na tangu asikie habari hizi huenda kila jioni kukaa juu ya jiwe mbele ya lango. Niko njia panda. Je, kutetea banda la mabati lililojaa popo ni kuzuia maendeleo? Na kama sivyo, mtu kama mimi aanzie wapi?* — Mwalimu, Busoga

Marahaba, mwanangu. Uanzie kwa nyanya. Mpelekee kiti, maana jiwe si la kukaliwa na mtu wa umri ule, kisha ukae naye na daftari. Hao vijana wako darasani hawajui hata maana ya safi na fifi. Hawajui kwamba mkulima aliyechanganya pamba nyeupe na ile yenye madoa alirudishwa na mzigo wake kichwani, na kwamba macho yaliyoamua yalikuwa ya wanawake kama nyanya yako.

Mimi niliingia kiwandani mwaka 1968, kijana wa kumshikia fundi taa. Kazi ya kwanza niliyofundishwa ni kuchonga rola. Wengi wanadhani pamba huchambuliwa kwa meno ya chuma. Mashine zetu hazikuwa hivyo. Kila mashine ilikuwa na rola ndefu iliyovalishwa ngozi, na juu ya ngozi kulikuwa na kisu kisichosogea, kimeibana kama mdomo uliofungwa. Ngozi ikizunguka hushika nyuzi na kuzivuta chini ya kisu. Mbegu haipiti, ni nene mno. Hapo kisu cha pili, kinachopanda na kushuka, huipiga mbegu ikaanguka chini, na nyuzi zikatokea upande wa pili kama moshi mweupe. Ngozi ikilainika haishiki tena, kwa hiyo fundi huketi na kuichonga upya vijifereji vya mshazari, kimoja baada ya kingine, mkono ukiwa mtulivu. Ukichonga kina kirefu, umeharibu ngozi. Ukiparuza juujuu, kesho yake mashine inatema pamba nusu na mbegu zake. Ilinichukua misimu miwili kupata mkono huo.

Nakueleza haya kwa sababu jengo lenyewe, hata likiwa tupu, bado lina habari hizo. Ingia siku moja na tochi. Angalia sakafu: utakuta mistari ya mashimo ya boliti, pea kwa pea. Hesabu, utajua mashine zilikuwa ngapi. Inua macho kwenye kenchi, zile fremu zinazobeba paa: utaona mabano ya chuma yaliyobeba shafti ndefu iliyozungusha mashine zote kwa mikanda. Fuata shafti hiyo mpaka mwisho wa jengo, na kama ukuta wa huko umepigwa masizi, basi huenda kiwanda chenu kiliendeshwa na injini ya mvuke kabla ya dizeli. Tafuta shimo refu la mraba sakafuni: hapo palikuwa na shindilio la marobota. Robota moja la Uganda ni kilo 185, na vijana wanne waliolisukuma wakati mmoja walijua kuimba pamoja, la sivyo mtu alikatika vidole.

Sasa swali lako la maendeleo. Siwezi kukuambia kila banda libaki. Kuna majengo niliyoyafanyia kazi ambayo yalikuwa mabaya, yenye giza, yasiyo na dirisha la kutolea vumbi, na wenzangu wamekufa kwa vifua vilivyojaa vumbi hilo. Lakini ninajua pia jinsi kiwanda changu kilivyoondoka, na nitakuambia, ingawa sitakitaja jina.

Sheria ya pamba ya mwaka 1994 ilifungua soko. Bodi iliyokuwa ikinunua pamba yote iliyochambuliwa ikapoteza ukiritimba, na vyama vya ushirika, ambavyo tayari vilikuwa na madeni shingoni, vikakutana na wanunuzi wenye pesa taslimu. Viwanda vikaanza kuuzwa. Chetu kilinunuliwa na mtu aliyetaka vyuma. Nilipata habari nikiwa kijijini kwenye msiba, nikafika siku ya tatu. Walikuwa wameshapanda juu ya paa na kuyashusha mabati. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ofisi ya karani ilikuwa wazi juu, na madaftari ya mishahara, yale marefu yenye jalada jekundu, yalikuwa yamelowa. Yaliyokuwa makavu yalikuwa yanawasha moto wa chai ya vibarua. Niliokoa daftari moja la mwaka 1974. Miaka michache baadaye wenzangu walipokwenda kudai mafao yao waliulizwa: una ushahidi gani kwamba ulifanya kazi pale? Waliokuwa kwenye daftari langu walikuwa na jibu. Wengine walirudi nyumbani. Mmoja wao alinifundisha kuchonga rola, naye alikufa hajalipwa.

Basi Mwalimu, hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya, na lifanywe wiki hii, kabla hata ya kubishana kuhusu kuta. Nenda na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kwa mnunuzi, mwombeni kwa heshima karatasi zote zilizobaki ndani. Kwake ni takataka, hatawakatalia. Zianikeni kivulini.

Baada ya hapo, sheria. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 1967, na mwaka 2023 imepata mpya ya makumbusho na maeneo ya kumbukumbu. Jengo hulindwa likiwa limetangazwa rasmi na kuingizwa kwenye orodha. Orodha hizo zina makaburi ya wafalme, ngome na mapango. Viwanda ni nadra mno. Usingoje mtu wa Kampala akumbuke kiwanda chenu. Andika barua kwa idara ya makumbusho kwenye wizara ya utalii, weka picha, nakala mpelekee ofisa utamaduni wa wilaya. Wakati huohuo nenda kwenye ofisi ya mipango miji. Wengi hawajui kwamba kubomoa nako kunahitaji kibali, kama kujenga. Uliza kama kibali kimeombwa. Kama hakijaombwa, mnayo nafasi ya kusema kabla nyundo ya kwanza haijapiga. Kikishatoka na paa likishuka, utabaki na picha za kuwaonyesha watoto.

Na zungumza na mnunuzi kama mfanyabiashara, maana ndivyo alivyo. Mwambie aingie ndani asimame katikati, atazame juu. Kenchi za viwanda vile zimevuka ukumbi mzima bila nguzo katikati, kwa sababu marobota yalihitaji nafasi ya kupita. Ukumbi kama huo kuujenga leo ni pesa nyingi. Anaweza kupanga maduka pembeni ndani ya kuta hizohizo, akaacha njia pana katikati, akaongeza jengo jipya nyuma penye uwanja wa kuanikia. Kaka zako watapata vyumba vyao. Sikuahidi kwamba atakubali. Wengi huona kiwanja tu, hawaoni nyumba iliyosimama juu yake. Lakini wapo waliobadilika walipoonyeshwa hesabu, nami niko tayari kuja na tepu yangu tukapime naye.

*Mzee, nakuheshimu lakini leo sikubaliani nawe. Mimi ni mkandarasi hapa Kampala. Kila tunapotaka kujenga, anatokea mtu wa kulilia ghala la Mhindi au stoo ya mkoloni. Majengo hayo yalijengwa kutunyonya. Babu zetu walilipwa senti. Kwa nini tuyatunze? Yaende.* — Kijana wa Industrial Area

Asante kwa kusema wazi, mwanangu. Kuhusu unyonyaji umesema kweli, na nitakuongezea.

Mbegu za pamba zililetwa mwaka 1903 kupitia kampuni iliyozaliwa na misheni. Mwanzoni watu walichambua kwa mashine ndogo za mkono. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaziondoa, ikisema zinaharibu ubora. Tangu hapo, mtu akilima pamba hakuwa na njia ila kuipeleka kwenye kiwanda chenye leseni, na leseni hakuwa nazo Mwafrika. Bei ilipangwa huko, mizani ilikuwa huko. Baba yangu aliniambia kwamba siku ya kuuza pamba alikuwa akifunga mkanda wa suruali kwa nguvu ili asimjibu karani wa mizani.

Lakini endelea na hadithi, usiishie hapo. Aprili 1949 Buganda iliwaka moto. Wakulima wa umoja ulioongozwa na Ignatius Musazi walidai mambo kadhaa, na moja wapo lilikuwa hili: tuachiwe tuchambue pamba yetu wenyewe. Watu waliuawa, watu walifungwa. Miaka mitatu baadaye, wakati Andrew Cohen akiwa gavana, ikatoka sheria ya kuviwezesha vyama vya ushirika kuvipata viwanda hivyo. Siku ushirika wetu ulipokabidhiwa kiwanda, wazee walisema, ng'ombe alichinjwa palepale kwenye uwanja wa mizani, mahali walipokuwa wakipunjwa.

Kwa hiyo unaposimama mbele ya ghala kuukuu na kusema ni la mkoloni, umelirudisha kwake. Babu zako walikwisha kulichukua. Walilipa. Mtu akipigania shamba akalipata, mjukuu halichomi kwa sababu aliyelipanda kwanza alikuwa mwovu.

Na Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, wengine wao walizaliwa hapa Jinja, tulicheza nao mpira nyuma ya stesheni. Fundi wangu mkuu wa kwanza alikuwa Mgujarati, mkali, asiyemficha mtu ujuzi wake. Historia ya majengo haya ina watu wengi ndani yake, haikai kwenye sentensi moja.

Nawe kama mkandarasi nakupa mifano miwili ya kazi, siyo ya machozi. Wa kwanza ni Namasagali. Reli ya Busoga ilifika pale kutoka Jinja mwaka 1912 kubeba pamba, na meli zikaendelea kwenye Ziwa Kyoga. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakaiua bandari. Karakana, maghala na nyumba za wafanyakazi vikabaki mikononi mwa nyasi. Hawakuvivunja. Vikageuzwa shule, ile Namasagali College iliyokuja kujulikana nchi nzima kwa maigizo na ngoma. Waliosoma pale wamekuwa mawaziri na waandishi, na walilala mahali palipokuwa pa reli. Nani aliyepoteza?

Wa pili uko Mumbai, India, mji ambao zamani ulikula pamba yetu nyingi. Ulikuwa na viwanda vikubwa vya nguo katikati ya jiji. Baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1982 vingi havikusimama tena, na ardhi ikawa dhahabu. Vingi vilivunjwa, minara ya kioo ikapanda. Mahali palipokuwa na kiwanda cha Phoenix leo ni maduka ya kifahari, lakini dohani la matofali bado limesimama katikati yake. Sisemi dohani moja linatosha. Wafanyakazi walitaka zaidi ya dohani. Nasema tu kwamba mjenzi aliyetaka faida alilikwepa na bado akapata faida yake.

Wewe unajua kubomoa, na bila shaka unajua kujenga. Ujuzi wa kuingiza kipya ndani ya cha zamani ni wa tatu, na Kampala haina mafundi wengi wa aina hiyo. Ningekuwa na umri wako ningeutafuta.

*Mzee, nyuma ya nyumba zetu Walukuba, Jinja, kuna bohari la zamani linabomolewa. Vibarua wanauza yale mabamba ya kijivu ya paa, ni rahisi kuliko mabati. Mume wangu amenunua ishirini ya kuezekea banda la kuku. Jirani anasema ni sumu. Ni kweli?* — Mama Kuku

Mama, jirani yako amekuokoa. Mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayokatika kama biskuti, kwa majengo ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi ni ya asbesto. Likiwa zima juu ya paa, hatari yake si kubwa. Hatari ni kulivunja, kulikata kwa msumeno, kulitoboa misumari, au kufagia vipande vyake vikavu. Vumbi lake lina nyuzi nyembamba zisizoonekana, zikiingia kifuani hazitoki, na ugonjwa huja baada ya miaka ishirini, thelathini, hata zaidi, mtu ameshasahau banda la kuku.

Usimwache mumeo akate hata moja. Yamwagieni maji taratibu mpaka yalowe, yabebeni yakiwa mazima, bila kuyatupa chini, myafunike kwa karatasi nzito ya plastiki mbali na watoto. Nguo mlizovaa zifueni peke yake. Halafu nenda kwa ofisa mazingira wa jiji, mwambie yalikotoka na kwamba yanaendelea kuuzwa. Pesa mliyotoa imekwenda. Isiwaume mkaamua kuyatumia.

Na hapa ninawasema wanaobomoa. Nimewaona vijana juu ya paa la aina hiyo wakilipasua kwa nyundo, wamefunga leso mdomoni. Leso haizuii kitu. Anayesema anavunja majengo ya kale kwa ajili ya vijana wapate kazi, awape kwanza vijana hao barakoa zinazofaa na mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kufungua boliti bila kupasua bamba.

*Baba yangu alifanya kazi Nytil, kiwanda cha nguo cha Jinja, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Amefariki, Mungu amrehemu. Ameacha kadi yake ya kazi na picha moja ya wafanyakazi kama thelathini mbele ya lango. Rafiki ananiambia nizipeleke mahali pa makumbusho. Naogopa zitapotea. Nifanyeje?* — Binti wa Mfumaji, Mafubira

Pole sana kwa msiba, mwanangu. Baba yako alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufuma kwa umeme wa Mto Nile. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 na kiwanda hicho kilianza kipindi hichohicho. Jinja nzima ilikuwa inanukia rangi mpya.

Usitoe asili ya kadi wala ya picha mpaka umepiga nakala nzuri, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Nakala peleka hata kesho kwenye makumbusho ya reli pale stesheni yetu ya zamani, waulize wanaohusika na historia ya viwanda vya mji wakuelekeze. Asili kaa nayo kwanza, ndani ya bahasha ya karatasi, si ya plastiki, maana plastiki hutoa jasho.

Lililo la haraka ni majina. Watu thelathini mbele ya lango, na kila mwaka wanaowatambua wanapungua. Chukua nakala kubwa, zunguka nayo Walukuba na Mafubira kwa wazee waliobaki, uanzie na mama yako. Kila anayetambuliwa, andika jina lake, idara yake na kijiji alichotoka, nyuma ya nakala, mahali palepale alipo mbele. Andika kwa penseli. Wino hupenya, na baada ya miaka utakuta madoa kwenye nyuso zao. Ukimaliza niletee niione. Nina wenzangu watatu walioingia mlango ule, na huenda wako katika safu ya nyuma.